Udada usioisha siku ya mahafali: Hadithi ya mabinti wa Howard

Kila Septemba, makomredi wapya wanapomiminika kampasi na masanduku na magodoro yao, hutakosa meza zimepangwa nje ya ukumbi. Klabu ya mazingira, chama cha wanafunzi Wakristo, chama cha Waislamu, chama cha watu wa kaunti yenu, chama cha wanafunzi wa kike. Unaandika jina na nambari ya simu, unaingizwa kwenye grupu ya WhatsApp, mnapiga picha moja kali mkiwa na tisheti zinazofanana. Mkutano wa kwanza mnajaa hadi wengine wanakosa viti. Wa pili mnabaki kumi na wawili. Wa tatu mwenyekiti anatuma ujumbe kwamba umeahirishwa. Mwaka wa nne ukiisha anahitimu, na grupu inabaki ya kutumiana salamu za Krismasi na matangazo ya kazi za uongo.

Sasa chukua hiyo picha uiweke kando ya hii nyingine. Mnamo 1908 kulikuwa na mabinti tisa kampasi waliokuwa na wazo kama la meza zenu. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, chama chao bado kipo, kina matawi ndani na nje ya Marekani, na mmoja wa wanachama wake amewahi kuwa Makamu wa Rais wa taifa hilo. Chama cha pili, kilichozaliwa humo humo kwa ugomvi, nacho kipo hadi leo, na kazi yake ilifika mpaka Thika.

Hadithi yenyewe ni ya Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington. Ukiwa dada wa kampasi unayetaka kuanzisha kitu, au kaka unayeshangaa kwa nini vyama vya kampasi hufa mapema, ina mengi ya kukufaa.

Chuo cha watoto wa waliokuwa watumwa

Howard kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika na utumwa kupigwa marufuku kote Marekani. Kilipewa jina la Jenerali Oliver Otis Howard, aliyesimamia idara ya serikali iliyoshughulikia waliokuwa watumwa. Vyuo vingi vya Wazungu havikutaka kuona mwanafunzi mweusi langoni. Howard kiliwafungulia.

Kufikia 1908, msichana mweusi aliyefika chuo kikuu Marekani alikuwa wa kuhesabika. Kwetu hapa, reli ilikuwa imefika Kisumu miaka saba tu iliyopita, Makerere ilikuwa bado miaka 14 kuanzishwa, na chuo kikuu Nairobi hakikuwa hata ndoto. Kwa hivyo unaposoma kuhusu mabinti hawa, usiwafikirie kama mastaa waliozaliwa wakiwa wakubwa. Wengi wao walitoka familia ambazo kizazi kimoja au viwili nyuma zilikuwa bado zinauzwa sokoni. Walijua kwamba nafasi waliyopata haikuwa yao peke yao.

Miongoni mwao alikuwa Ethel Hedgeman kutoka St. Louis. Mwalimu mmoja wa Howard, Ethel Robinson, aliyesomea Chuo Kikuu cha Brown, alikuwa amemsimulia kuhusu sororiti, yaani vyama vya udada vya wanafunzi wa kike alivyoviona huko. Isitoshe, mpenzi wake Ethel, George Lyle, alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha tawi la chama cha wavulana cha Alpha Phi Alpha papo hapo Howard. Unaweza kuwazia hali ilivyokuwa. Jamaa anakuja kila siku na hadithi za chama, mikutano, ndugu zangu hivi, ndugu zangu vile. Ethel akasema na sisi tutakuwa na chetu.

Likizo ilipokwisha akaanza kuzungumza na wenzake. Mnamo Januari 15, 1908, wasichana tisa wakaanzisha Alpha Kappa Alpha, sororiti ya kwanza kuundwa na wanafunzi weusi wa kike wa chuo kikuu. Rangi zao ni waridi na kijani. Rais wa kwanza wa chama akawa Lucy Slowe. Lishike hilo jina, tutarudi kwake. Ethel na George? Walioana baadaye, na ndiyo sababu vitabu humwita Ethel Hedgeman Lyle.

Mzozo uliozaa mapacha

Miaka minne ikapita. Wale waanzilishi wakahitimu, na chama kikabaki mikononi mwa wadogo zao. Hapo ndipo vyama vyetu vingi hukata roho. Hiki hakikufa, ila kilipasuka.

Mwaka 1912 kikundi cha wanachama waliokuwa bado masomoni, wakiongozwa na Myra Davis kutoka San Antonio, Texas, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa chama wakati huo, kiliona mambo yanakwenda polepole mno. Walitaka jina jipya, rangi mpya, katiba mpya. Zaidi ya hapo, walitaka chama kitoke nje ya lango la chuo. Wanawake wa Marekani walikuwa wanapigania haki ya kupiga kura. Watu weusi walikuwa wananyongwa na magenge huko Kusini. Mabinti hawa waliuliza, sisi tumesoma ili tukae ndani tukisomeana mashairi?

Habari zikamfikia Nellie Quander, mwanachama aliyekuwa amehitimu. Nellie hakukubali chama alichokipenda kifutwe jina. Akawapa makataa ya kubadili nia. Walipokataa, yeye na wenzake wakakimbia kukisajili chama kisheria, na Januari 29, 1913, Alpha Kappa Alpha kikapata cheti chake. Kuanzia siku hiyo hakuna kundi la wanafunzi ambalo lingeamka asubuhi moja na kukivunja.

Kufikia hapo, Myra na wenzake walikuwa tayari wameshaondoka. Januari 13, 1913, wasichana 22 walikuwa wameanzisha Delta Sigma Theta, na Myra akawa rais wa kwanza. Yaani ndani ya miezi michache, binti mmoja aliongoza vyama viwili.

Nani alikuwa sahihi? Ukiwauliza wanachama wa leo, kila mmoja atakwambia ni upande wake, na watakutania hadi jioni. Lakini ukitazama kwa makini utaona kila upande ulikuwa umeshika nusu ya ukweli. Wale 22 walijua kwamba chama kisicho na kazi ya kufanya hugeuka kuwa cha picha na karamu. Nellie naye alijua kwamba chama kisicho na karatasi za kisheria ni mali ya yeyote anayeshika kiti mwaka huo. Vyama vyetu vya kampasi mara nyingi hukosa vyote viwili.

Machi 3, 1913

Delta kilikuwa na umri wa wiki saba tu kilipojitokeza hadharani mara ya kwanza, na hakikuchagua jambo rahisi. Mnamo Machi 3, 1913, siku moja kabla ya Woodrow Wilson kuapishwa kuwa rais, zaidi ya wanawake 5,000 waliandamana katika barabara ya Pennsylvania jijini Washington wakidai haki ya kupiga kura. Mpangaji mkuu alikuwa Alice Paul. Mabinti wa Delta walikuwemo, pamoja na Mary Church Terrell, mwanaharakati mkongwe ambaye walikuwa wamemfanya mwanachama wa heshima.

Usidhani walipokewa kwa mikono miwili. Kwanza kulikuwa na wapita njia. Wanaume walijaa barabarani wakiwatukana waandamanaji, wakiwasukuma, wakiwatemea mate, huku polisi wengi wakitazama tu kama wanaotazama mechi. Watu wapatao 100 walipelekwa hospitalini. Ilibidi askari wa farasi waitwe kufungua njia. Baadaye Seneti ilifanya uchunguzi, na mkuu wa polisi wa jiji akapoteza kazi yake.

Pili, na hili ndilo lililouma zaidi, kulikuwa na dharau kutoka kwa wenzao wa safari. Baadhi ya viongozi Wazungu waliogopa kwamba wanawake wa Kusini wangesusia maandamano wakiona weusi katikati yao, hivyo wakataka weusi wakae nyuma. Mwanahabari Ida B. Wells aliambiwa asiandamane na wenzake wa Illinois. Akaonekana kama aliyekubali, akajichanganya na watazamaji kando ya barabara, kisha ujumbe wa Illinois ulipofika alipokuwa akaingia katikati yao na kutembea nao hadi mwisho.

Mabinti 22 wa Howard walitembea katika hali hiyo. Wengi walikuwa na umri wako wewe unayesoma hapa. Mwanamume mweusi alidharauliwa kwa rangi na mwanamke Mzungu akadharauliwa kwa jinsia. Wao walibeba mizigo yote miwili, na hawakuwa na wa kuwapokeza hata mmoja.

Marekebisho ya katiba yaliyowapa wanawake haki ya kura yalipita mwaka 1920. Hata hivyo, huko Kusini mwanamke mweusi aliendelea kuwekewa vizingiti vya kodi, mitihani ya kijanja na vitisho hadi sheria ya haki za kupiga kura ya 1965. Piga hesabu. Kutoka yale maandamano hadi sheria hiyo ni miaka 52. Msichana aliyeandamana akiwa na miaka 20 alikuwa na miaka 72 sheria ilipopita. Sisi tuliozoea kutaka jibu kabla hashitegi haijapoa, hilo ni la kukaa nalo kidogo.

Walipofundisha, wakagundua watu ni wagonjwa

Turudi kwa wale wa waridi na kijani. Mwaka 1934 Ida Louise Jackson, mwalimu wa Oakland, California, aliyekuwa mwanachama wa Alpha Kappa Alpha na mzaliwa wa Mississippi, aliandaa shule ya likizo huko Mississippi kwa walimu wa vijijini. Wazo zuri. Lakini walipofika wakakuta tatizo kubwa zaidi ya walimu kukosa mafunzo. Watoto walikuwa wagonjwa na wenye njaa. Utamfundishaje mtu kusoma ilhali homa haimwachi?

Sororiti ikabadilisha mpango. Kuanzia 1935 wakaanzisha Mradi wa Afya wa Mississippi, ukisimamiwa na Dkt Dorothy Boulding Ferebee, daktari mweusi aliyekuwa akifanya kazi Washington. Madaktari, wauguzi na walimu, wote wa kujitolea, walitumia likizo zao za kiangazi kuendesha magari hadi huko Kusini, safari ndefu katika majimbo ambako mtu mweusi hakuruhusiwa kulala hotelini wala kula mkahawani.

Walipofika na kufungua kliniki, wagonjwa wakakosekana. Watu wengi weusi huko walilima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno, na wenye mashamba hawakutaka kuwaachilia watoke shambani kwenda kutibiwa. Wengine walishuku kwamba hawa wanawake wa mjini wamekuja kuwachochea wafanyakazi. Ferebee na wenzake wakafanya nini? Wakapakia dawa, sindano na vitabu kwenye magari, wakawafuata wagonjwa huko huko mashambani. Magari ya kibinafsi yakageuka kliniki. Wenye mashamba wakija kusimama kuwakodolea macho, kazi ikaendelea. Watoto wakachanjwa dhidi ya dondakoo na ndui. Akina mama wakafunzwa lishe.

Mradi uliendelea kila kiangazi hadi 1942, vita vya pili vya dunia vilipofanya petroli kugawiwa kwa kipimo na magari yakashindwa kusafiri.

Delta nao hawakulala. Mwishoni mwa miaka ya 1930 waliingia kwenye kazi ya vitabu, kwa sababu maktaba nyingi za umma huko Kusini zilikuwa za Wazungu peke yao. Walipeleka vitabu vijijini ili mtoto mweusi naye apate cha kusoma.

Kumbuka kwamba hawa wote walikuwa watu wenye kazi zao, familia zao na kodi za kulipa. Wengi walishatoka kampasi miaka mingi. Huko kwao uanachama hauishi ukivua joho. Tawi la wanafunzi hukukabidhi kwa tawi la waliohitimu, na unaendelea kulipa ada na kufanya kazi hadi uzeeni. Pesa za mradi hutoka kwa daktari na mwalimu aliyeajiriwa. Mwanafunzi hana, analeta nguvu na wakati.

Waliotoka humo wakawa nani?

Yule Lucy Slowe niliyekwambia umshike alikuwa na raketi mkononi pia. Mwaka 1917 alishinda ubingwa wa kitaifa wa tenisi wa chama cha wachezaji weusi, akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kushinda taji kubwa la michezo. Mwaka 1922 alirudi Howard kama Mkuu wa Wanafunzi wa Kike, mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo chuoni humo.

Na hakukaa ofisini kunywa chai. Alipigania mabinti wapate hosteli zao. Alitaka watendewe kama watu wazima wanaoweza kujiongoza, badala ya kuchungwa kama mbuzi. Wanafunzi wa kike walipolalamika kwamba mwalimu mmoja anatumia lugha chafu darasani, aliyapeleka malalamiko yao kwa wakuu. Ilimgharimu. Uhusiano wake na uongozi wa chuo uliharibika, na miaka iliyofuata alivutana nao kuhusu mshahara na hata mahali pa kuishi. Alifariki mwaka 1937 akiwa bado kazini.

Dada, ikiwa umewahi kuambiwa "nyamaza, utakosa alama," unajua Slowe alikuwa anapigana na nini. Tofauti ni kwamba wanafunzi wake walikuwa na mtu mzima aliyelelewa na udada ule ule, aliyekaa upande wa pili wa meza.

Wengine? Sadie Mossell alijiunga na Delta katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako wanafunzi wachache weusi walitengwa na wenzao, na mwaka 1919 akawa rais wa kwanza wa kitaifa wa Delta. Mwaka 1921 akawa mtu mweusi wa kwanza Marekani kupata shahada ya uzamifu katika uchumi. Bado hakuna aliyetaka kumpa kazi inayolingana na masomo yake, kwa hivyo akarudi darasani kusomea sheria, akahitimu 1927 na kuwa wakili.

Jessie McGuire, mmoja wa wale waanzilishi 22, alirudi kwao Galveston, Texas, akawa mwalimu. Walimu weusi walilipwa mshahara mdogo kuliko Wazungu kwa kazi ile ile. Jessie akaenda mahakamani, na mwaka 1943 akashinda. Sidhani jina lake umewahi kulisikia. Lakini mwalimu aliyefungua bahasha yake ya mshahara mwezi uliofuata alilijua.

Dorothy Height alinyimwa nafasi katika chuo cha Barnard mwaka 1929 kwa sababu walikuwa tayari wamechukua wanafunzi weusi wawili, na wawili ndio waliokuwa kiwango cha mwaka. Akaenda Chuo Kikuu cha New York. Huyo huyo akaongoza Delta kutoka 1947 hadi 1956, kisha akaongoza Baraza la Kitaifa la Wanawake Weusi kwa miaka 40. Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Congress mwaka 1968, alikuwa wa Delta. Toni Morrison, mshindi wa Nobeli ya fasihi ya 1993, alivaa waridi na kijani akiwa Howard.

Halafu yuko Kamala Harris, aliyejiunga na Alpha Kappa Alpha mwaka 1986 akiwa Howard. Alipoteuliwa mgombea mwenza mwaka 2020, kampeni ilianza kupokea michango ya ajabu ya dola 19.08. Sio 20, sio 15. Ni wale masistaa wakituma salamu, maana 1908 ndio mwaka wao. Alishinda umakamu mwaka huo, ingawa 2024 alipowania urais wenyewe alishindwa na Donald Trump. Udada haukuhakikishii ushindi. Unachoweza kuhakikishiwa ni kwamba hutatembea peke yako.

Kutoka Washington hadi Thika

Unaweza kusema hayo ni ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Basi panda matatu ushuke Thika uulizie Mary Help of the Sick, hospitali ya misheni inayojulikana sana kwa akina mama wanaojifungua. Delta Sigma Theta ni miongoni mwa waliochangia hospitali hiyo, tangu ilipokuwa ikijulikana kama hospitali ya uzazi ya Thika. Huenda shosho yako, au mama yako, alijifungulia pale bila kujua kwamba baadhi ya shilingi zilichangwa na walimu na wauguzi weusi waliokuwa wakilipa ada ya chama cha kampasi ng'ambo ya bahari.

Hizo ndizo zama ambazo vijana wetu nao walikuwa wanavuka kwenda huko. Ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyopangwa na Tom Mboya na wenzake iliondoka Nairobi mwaka 1959 ikiwa na vijana 81. Mwaka uliofuata akaenda Wangari Maathai, kusomea Kansas. Kina dada wa pande zote mbili walikuwa wakitafuta kitu kimoja, elimu ambayo haiishii kwenye fremu ukutani.

Sio dhahabu tupu

Usije ukadhani nakuuzia malaika. Vyama hivi vina madoa yake, na wanachama wenyewe wameyasema.

Doa la kwanza ni majivuno. Mwanasosholojia E. Franklin Frazier, aliyefundisha Howard, alivikosoa vikali vyama vya wanafunzi weusi katika kitabu chake kuhusu mabepari weusi miaka ya 1950. Alisema vinafundisha watu kuponda pesa kwa karamu na kujionyesha, ilhali jamii yao inateseka. Kuna pia lawama za zamani kwamba baadhi ya matawi yalipendelea wasichana wa rangi nyepesi na wa familia zenye uwezo. Binti wa mkulima angepata wapi ada na gauni?

Doa la pili ni mateso ya kuwakaribisha wageni. Kwa miaka mingi, kujiunga na vyama vya wanafunzi Marekani, vya weupe na weusi, vya wavulana na wasichana, kulimaanisha kupitia vitendo vya kudhalilishwa, kunyimwa usingizi, hata kupigwa. Kuna vijana waliokufa. Mwaka 1990 muungano wa vyama vya weusi, ulioanzishwa Howard mwaka 1930, ulipiga marufuku rasmi kipindi hicho cha majaribio. Marufuku haikumaliza mambo yote. Kulikuwa na waliohamishia mateso gizani.

Ukiona chama chochote, hapa kwetu au kule, kinakwambia lazima udhalilishwe ndipo uitwe dada, toka mbio. Udada wa fimbo ni unyapara.

Wewe je?

Tarehe 27 Januari 2024, wanawake Wakenya walijaa barabarani Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Wengi walikuwa vijana, wengi wakiwa wa kampasi. Miezi mitano baadaye vijana wakarudi barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Hakuna wa kutufundisha kuandamana. Swali ni nini kinachobaki Jumatatu, mabango yakishawekwa kando.

Mabinti wa Howard waliandamana siku moja ya Machi. Kisha wakafanya kazi miaka 50. Kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza kwenye picha. Kusajili chama. Kuandika kumbukumbu za mkutano. Kukusanya ada kidogo kidogo. Kuwaita waliohitimu warudi. Kuuliza watu wanahitaji nini kabla ya kuwapelekea unachotaka wewe, kama Ida Jackson alivyogundua Mississippi.

Kwa hivyo kabla hujaandika jina lako kwenye meza ya Septemba ijayo, uliza maswali machache. Chama hiki kimesajiliwa kwa mkuu wa wanafunzi, au kipo kwenye simu ya mtu mmoja? Pesa anashika nani, na nani anakagua? Waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi, na mnaongea nao? Kuna kazi gani moja ambayo mtaifanya mwaka huu hata kama hakuna mpiga picha? Dada akisumbuliwa na mhadhiri, kuna mtu mzima mnayeweza kumfikia usiku huo huo?

Na kama jibu ni la, si lazima uondoke. Unaweza kuwa Nellie, ukaandika karatasi. Unaweza kuwa Myra, ukavunja na kujenga upya. Mbaya ni kubaki kwenye picha tu.

Nikuachie na Bertha Pitts Campbell. Alikuwa mmoja wa wale 22 walioanzisha Delta mwaka 1913. Mwaka 1981 sororiti iliamua kurudia maandamano yale, barabara ile ile ya Pennsylvania. Wengi wa waanzilishi walikuwa wameshazikwa. Bertha alikuwa na miaka 92. Alitembea mbele, na nyuma yake wakafuata wanawake wapatao 10,000.